Antena 64 mnarani: zinaokoa umeme au tunadanganyana?

Nusu_Wati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kitu kinanitatiza. Kila andiko la MIMO kubwa, yaani mnara kutumia antena nyingi kwa pamoja, linatuahidi mambo mawili kwa mpigo: antena zikiongezeka data inaongezeka, na papo hapo nguvu ya kurusha inapungua. Hoja yenyewe naielewa. Antena 64 zikirusha kwa kupatana, mawimbi yanamfikia mtumiaji yakiwa yamejumlishana, na unapata nyongeza ya desibeli 18, yaani mara 64 hivi. Maana yake wati ulizokuwa unarusha kwa antena moja unaweza kuzigawa kwa 64 na mtumiaji asione tofauti.

Sasa ikiwa ni hivyo, mbona redio ya 5G yenye chaneli 64 (njia 64 za kurusha na kupokea) inakula umeme kuliko ile ya 4G ya chaneli 2 au 4 iliyokuwa ikifanya kazi pale pale? Watu wana jibu la haraka: "lakini kwa kila biti inakula kidogo". Sawa, ila mita ya umeme haisomi biti.

Msimamo wangu, mnipinge kwa hoja: sifa ya antena nyingi kuokoa nishati imejengwa juu ya nguvu inayotoka hewani tu. Inayobaki ndani ya boksi haihesabiwi. Nawasilisha.

Msomaji Kimya

Naweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

FundiMnara

Mkuu Nusu_Wati, mimi si mtu wa milinganyo, mimi ni mtu wa kupanda. Nitakupa nilichokiona.

Nimewahi kubana klampu mita kwenye waya wa DC, ule wa volti 48 hasi, unaolisha redio moja ya chaneli 64. Jioni watu wakiwa wengi ilikuwa inameza karibu kilowati 1. Nikasubiri usiku wa manane, watumiaji unawahesabu kwa vidole. Nilitegemea ianguke mpaka robo. Ilishuka, ila haikufika hata nusu. Mapezi ya kupozea ya mgongoni ukiweka kiganja unakitoa haraka, na hapo hakuna mtu anayepakua chochote.

Karatasi ya vipimo ya redio za aina hiyo nyingi inaandika wati 200 hivi zinazotoka hewani kwa jumla, yaani kama wati 3 kwa chaneli. Kwa hiyo hata jioni kwenye mzigo kamili, katika kila wati 5 zilizoingia, 4 ziligeuka joto. Usiku ndiyo usiseme.

Bi Masafa

FundiMnara kagusa penyewe. Ngoja niweke namba tuache kubishana hewani.

Mradi wa Ulaya ulioitwa EARTH, uliofanyika 2010 hadi 2012, ulitoa kielelezo rahisi ambacho bado kinatumika madarasani. Kwa kituo kikubwa cha zama zile, kila mnyororo wa redio (amplifaya na saketi zote zinazohudumia antena moja) unakula wati 130 kabla haujarusha chochote, kisha unaongeza wati 4.7 kwa kila wati 1 inayotoka hewani, mwisho wati 20. Ukiulaza usingizi unakula wati 75.

Chukueni antena moja, upana wa masafa MHz 20, na tuseme ukirusha wati 20 ishara inamfikia mtumiaji ikiwa na nguvu mara 1,000 ya kelele. Kwa kanuni ya Shannon ya 1948, inayotoa ukomo wa data njia inaoweza kubeba:

Wati 20 hewani: megabiti 199 kwa sekunde, umeme wati 224. Hiyo ni megabiti 0.89 kwa jouli.
Wati 6: megabiti 165, umeme wati 158. Megabiti 1.04 kwa jouli.
Wati 2: megabiti 133, umeme wati 139. Megabiti 0.96 kwa jouli.
Wati 0.2: megabiti 69, umeme wati 131. Megabiti 0.53 kwa jouli.

Mnaona mchoro unavyopanda, unafika kilele karibu na wati 6, kisha unashuka. Kushoto kwa kilele, ukipunguza nguvu unapoteza data na umeme haupungui wa maana, kwa sababu zile wati 130 zipo tu. Kulia kwa kilele, ukiongeza nguvu unapata data kiduchu, maana logi ndiyo inatawala: kuanzia hapo kila ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza biti 1 tu kwa kila hezi.

Sasa futeni zile 130 mfanye kama hazipo. Wati 0.2 inakupa megabiti 74 kwa jouli na wati 20 inakupa 2 tu. Yaani ushauri unageuka kabisa: rusha kidogo iwezekanavyo. Vitabu vya zamani vya nadharia viliishi kwenye dunia hiyo ya pili. Kwa hiyo Nusu_Wati hajakosea kuuliza.

Desibeli Hasi

Dada Bi Masafa, hesabu iko sawa lakini umelisahau lile neno ulilolitaja mwenyewe: usingizi. Kilele cha wati 6 ni cha redio inayorusha muda wote. Redio hairushi muda wote.

Tuseme watumiaji wote kwa pamoja wanahitaji wastani wa megabiti 50 kwa sekunde. Njia ya kwanza, unarusha polepole bila kukatika: nguvu ya hewani inayotosha ni chini ya wati 0.1, umeme wati 130 na ushei. Njia ya pili, unarusha kwa wati 6, unamaliza kazi ndani ya 30% ya muda, unaobaki unalala: wastani wati 100. Njia ya tatu, wati 3, unafanya kazi kama 35% ya muda: wastani wati 99. Kilele kimehama kutoka 6 kwenda 3, kwa sababu sasa unacholipia kwa kuwa macho ni tofauti ya 130 na 75 na si 130 nzima.

Na mkishusha zile 75 ziwe 10, mtaona kilele kinarudi kulekule kwa Bi Masafa. Kwa hiyo swali la "nguvu kiasi gani" halina jibu mpaka mniambie usingizi wa redio yenu una kina gani.

Nusu_Wati

Shukrani wote wawili, nimezihakiki zinatoka. Ila hiyo yote ni antena moja. Mimi niliuliza 64.

Kanda Pana

Hapo ndipo patamu.

Tuchukue mfano wa Bi Masafa tugawe zile wati 20 kwenye mikondo 8 ya data isiyoingiliana, kila mmoja na antena na mnyororo wake. Kila mkondo una wati 2.5 na unabeba megabiti 140 hivi. Jumla megabiti 1,116, wakati mwanzo zilikuwa 199, na nguvu ya hewani ni ileile wati 20. Hiyo ndiyo habari iliyowatoa watu vitini miaka ya 1990, pale Telatar na Foschini wa maabara ya Bell Labs walipoonyesha kwamba uwezo wa data unakua kwa idadi ya antena za upande wenye chache, kati ya anayerusha na anayepokea. Logi uliyokuwa unapigana nayo umeikwepa: badala ya kuijaza njia moja mpaka ikinai, unafungua njia nyingine.

Sasa mita. Minyororo 8 kwa wati 130 ni 1,040, jumlisha 94 za amplifaya, jumla wati 1,134. Megabiti 0.98 kwa jouli. Antena moja ilikuwa 0.89. Data imepanda zaidi ya mara 5, ufanisi umepanda kwa asilimia 10 tu. Na ukiiweka antena moja kwenye kilele chake cha wati 6, yenyewe inaishinda ile ya 8, 1.04 kwa 0.98.

Lakini badilisheni wati 130 ziwe 10 kwa mnyororo, maana redio mpya zina minyororo midogo. Antena 8 zinapata megabiti 6.4 kwa jouli, antena moja 1.9. Mara tatu na zaidi. Hoja ile ile, namba moja imebadilika, mshindi kabadilika.

Na marekebisho kidogo kwa mwanzisha uzi. Kugawa kwa 64 kunawezekana kama unaijua kikamilifu njia ya mawimbi ya kila mtumiaji. Watafiti Ngo, Larsson na Marzetta walilionyesha hilo 2013: ukiijua njia kikamilifu, nguvu inaweza kugawanywa kwa idadi ya antena, ukiikadiria kwa pailoti (ishara zinazojulikana zinazorushwa ili kuipima njia), ambayo ndiyo hali halisi, inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Antena 64, unagawa kwa 8. Ukitaka zaidi ya hapo, pailoti zenyewe zinazama kwenye kelele.

Msomaji Kimya

Mmeniacha kwenye mataa. Kuna mtu anaweza kulisema hili kwa lugha ya watu?

Rauta ya Jirani

Msomaji Kimya, chukua basi kubwa. Likijaa, mafuta kwa abiria ni kidogo kuliko gari ndogo. Likitembea na abiria mmoja, ni hasara tupu. Antena 64 ni basi.

Desibeli Hasi

Mfano mzuri ila basi likipaki unazima injini. Hili la kwetu likipaki linaendelea kunguruma.

Msomaji Kimya

Hapo sasa nimeelewa. Endeleeni.

Mzee wa Amplifaya

Vijana, mmezunguka sana. Mchawi ni amplifaya.

Angalieni ile 4.7 ya Bi Masafa. Geuzeni: 1 gawa kwa 4.7 ni 21%. Wati nne kati ya tano zinapotea njiani, na sehemu kubwa inapotea kwenye amplifaya. Kwa nini? Kwa sababu ya OFDM, ule mtindo wa kugawa data kwenye mawimbi mengi madogo. Mawimbi mengi madogo yakijumlishwa, mara chache yanakutana yote kileleni na kutoa mruko wa desibeli 10 au zaidi juu ya wastani. Amplifaya lazima iwe na nafasi ya kuubeba mruko huo bila kuupotosha, kwa hiyo muda mwingi inafanya kazi mbali chini ya uwezo wake, na amplifaya inayofanya kazi chini ya uwezo ni hita.

Mhandisi Doherty alipendekeza mwaka 1936 kutumia amplifaya mbili, moja ya kazi za kawaida na nyingine ya kusaidia kwenye miruko. Mpaka leo mnara unatumia wazo la mzee huyo, na transista zimehamia kwenye galiamu naitraidi. Imesaidia sana. Lakini mkisema "wati 130 za kudumu", jueni kwamba ndani yake kuna mkondo wa umeme unaopita kwenye amplifaya hata isiporusha kitu, ili tu ikae tayari. Fundi aliyeshika mapezi usiku alikuwa ameshika huo.

Mtu wa Silikoni

Mzee shikamoo, lakini hapa sikubali. Kwenye redio ya zamani yenye amplifaya 2 za wati 40, nakubaliana nawe asilimia mia. Kwenye redio ya chaneli 64, kila amplifaya inatoa wati 3. Amplifaya imekuwa ndogo; vilivyozidi ni vile vinavyoizunguka. Kila chaneli ina vigeuzi vyake vya kutoka analogi kwenda dijitali na kurudi, vichujio vyake, saketi yake ya kunyoosha upotofu wa amplifaya, na data inayomiminika kwenda kwenye chipu ya kukokotoa miale, yaani kuyaelekeza mawimbi kwa kila mtumiaji.

Vigeuzi peke yake: kwa kanuni ya kidole gumba, kila biti 1 ya usahihi unayoongeza inazidisha nguvu karibu mara mbili, na ukiongeza kasi ya sampuli nayo inapanda sambamba. Sasa zidisha kwa 64, kwa MHz 100 za 5G badala ya 20.

Halafu hesabu za miale. Ukitaka kuzuia watumiaji wasiingiliane, unageuza matriki ambayo kazi yake inakua kwa kipeo cha tatu cha idadi ya watumiaji, na njia za mawimbi zinabadilika mtu akitembea, kwa hiyo unairudia tena na tena. Umeme huo hautoki hewani kabisa. Nusu_Wati aliposema "inayobaki ndani ya boksi" hakutaja ni nini. Mimi nasema ni silikoni.

Mzee wa Amplifaya

Marahaba. Saketi ya kunyoosha upotofu ipo kwa ajili ya nani? Amplifaya. Kwa hiyo hata hiyo iandike kwangu.

Mtu wa Silikoni

Mzee kwa staili hiyo hata feni utaiandika kwako.

Mzee wa Amplifaya

Feni inapoza nini?

Kanda Pana

Hahaha, mpeni mzee heshima yake.

Ila Mtu wa Silikoni, kuna watu wamekwenda mbali na hoja yako wakatumia vigeuzi vya biti 1 tu. Ishara ikiwa dhaifu hasara yake ni desibeli 2 hivi, na kwa kuwa antena ni nyingi, wastani unafidia. Tatizo linakuja ishara ikiwa kali, hapo biti 1 inakubana. Na kwenye masafa ya juu kama GHz 28 wengi wanapita njia nyingine: antena mamia, minyororo michache, na miale inaelekezwa kwa vibadili awamu vya analogi, saketi ndogo zinazochelewesha wimbi kidogo kwenye kila antena. Unaokoa umeme, unapoteza uwezo wa kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Hakuna cha bure.

Kwa wanaopenda jibu lenye namba: Björnson na wenzake walichapisha 2015 hesabu iliyojumuisha amplifaya, minyororo na ukokotoaji. Kwa kituo kimoja chenye vigezo vyao, kilele cha biti kwa jouli kilitokea kwenye antena 165 zikiwahudumia watumiaji 104 kwa pamoja. Si antena zisizo na kikomo. Na cha kushangaza, walikuta kwamba antena zikiongezeka, nguvu ya kurusha inatakiwa ipande. Ishuke ya nini wakati umeshalipia minyororo yote ile? Itumie.

Nusu_Wati

Kanda Pana, watumiaji 104 kwa wakati mmoja, masafa yaleyale. Umeshawahi kuwaona?

Kanda Pana

Kwenye karatasi, ndiyo.

FundiMnara

Mimi nilichokiona kwenye takwimu za vituo ninavyohudumia ni kwamba muda mwingi mikondo inayotumika kwa pamoja ni michache mno ukilinganisha na chaneli zilizopo. Simu nyingi zinavuta kitu kidogo, ujumbe, picha, zinanyamaza. Ili upange watu 16 kwenye miale tofauti kwa mpigo unahitaji watu 16 wenye data ya kusubiri kwenye nusu milisekunde ileile, na wasiwe wamekaa mstari mmoja. Mchana wa kawaida hiyo haitokei mara nyingi.

Kuna lingine hamjaligusa: matangazo ya mnara. Mnara wa 4G hautulii kabisa, kila milisekunde 1 unatoa ishara za rejea, zile ambazo simu huutumia kuupima mnara, ziwepo simu zisiwepo. Ndiyo maana usingizi wake ni wa kupepesa macho tu. 5G ilipoandikwa, toleo la kwanza la 2018, waliliondoa hilo. Mnara unajitangaza kwa vipindi, unaweza kufika hata milisekunde 160.

Bi Masafa

FundiMnara, 160 ipo kwenye kiwango, lakini simu inayotafuta mtandao kwa mara ya kwanza inachukulia kwamba tangazo linakuja kila milisekunde 20. Ukiweka 160 itahangaika au itakuruka. Kwa hiyo nafasi ya kulala ni fupi kuliko inavyosemwa. Hata hivyo milisekunde 20 ni nyingi mno ukilinganisha na 1. Alama moja ya 5G, yaani kipande kifupi kabisa cha urushaji, mawimbi madogo yakiachana kwa kHz 30, ni kama maikrosekunde 36, na amplifaya inaweza kuzimwa na kuwashwa ndani ya muda wa namna hiyo. Usingizi mzito, unaozima na vichakataji, ndio unaotaka muda mrefu wa kuamka.

Rauta ya Jirani

Samahani nawatoa nje ya mada kidogo. Haya mambo ya kulaza antena yapo kwenye Wi-Fi tangu toleo la 802.11n la mwaka 2009. Laptopu inaweza kubaki na mnyororo mmoja tu macho, na rauta ikitaka kuitumia mikondo miwili inaigonga kwanza kwa fremu fupi, ndipo mingine inaamka. Nilicheza na hilo kwenye laptopu yangu ya zamani: nikilazimisha mnyororo mmoja muda wote, kuvinjari kawaida sikuona tofauti, lakini kuhamisha faili kubwa kulichukua muda mrefu zaidi na betri iliyotumika kwa faili zima haikupungua. Nadhani ni kile alichosema Desibeli Hasi: maliza haraka, lala.

Halafu mtu akanunue rauta ya antena 8 kwa ajili ya simu yenye antena 2. Mikondo kwenda kwenye simu hiyo itabaki 2, nyingine zinasaidia mwale tu.

Desibeli Hasi

Nathibitisha. Na ukiwa na simu nyingi rauta inaweza kuzigawia mikondo kwa pamoja, kama simu zenyewe zinaunga mkono. Ila turudi mnarani.

Kanda Pana

Kabla hatujarudi, mbona mnaisahau simu kwenye hesabu ya umeme? Simu ya kawaida inarusha mwisho desibeli 23 za miliwati, yaani miliwati 200. Ukiwa mbali na mnara inarusha hizo zote, betri inakwisha na simu inachemka. Mnara ukiwa na antena 64 za kupokea, unaisikia simu ileile kwa nguvu ndogo zaidi. Matokeo ya 2013 niliyoyataja yalihusu upande huu hasa, simu kwenda mnarani.

Mimi hilo nimeliona kwenye programu ya vipimo: eneo lilelile, kiti kilekile, kwenye redio ya antena nyingi simu ilikuwa inarusha desibeli kadhaa chini ya ilivyokuwa kabla. Kwa hiyo jibu jingine kwa Nusu_Wati: umeme haukupotea wote, mwingine umehamishwa kutoka kwenye betri za watu elfu kwenda kwenye waya wa mnara.

Nusu_Wati

Hiyo nimeipenda, ila miliwati 200 mara simu chache zinazorusha kwa wakati mmoja haiwezi kufidia kilowati 1. Inamsaidia mwenye simu, haimsaidii anayelipa umeme wa mnara.

Kanda Pana

Mwenye simu ndiye anayelalamika.

Mwanafunzi wa Jioni

Habari wakuu, nimeusoma uzi wote. Mimi nadhani mnatafuta mchawi ndani ya redio wakati yuko nje. Mwaka 1865 William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilivyozidi kuwa na ufanisi, Uingereza ilizidi kuchoma makaa ya mawe. Megabiti ikawa rahisi, watu wakahama kutoka picha kwenda video, na video ikapanda ubora. Hata redio ingekuwa na ufanisi mara kumi, matumizi yangeifuata.

Bi Masafa

Mwanafunzi, hoja yako inaeleza kwa nini mzigo umepanda. Haielezi klampu mita ya FundiMnara usiku wa manane, ambapo mzigo haupo. Umeme wa saa hizo hauna mtazamaji wa video wa kumlaumu.

Mimi kinachonikera kwenye mjadala huu kwa ujumla ni kipimo chenyewe. Biti kwa jouli ni uwiano, na uwiano unaweza kuupandisha kwa kuongeza biti zisizohitajika. Tena kilele cha ufanisi hakilingani na mahitaji ya watu. Jioni unatakiwa ubebe mzigo hata kama unapita kulia kwa kilele. Usiku ungetaka uende kushoto na redio haikuruhusu. Wengine wanapendekeza upana wa masafa badala ya nguvu: ukitandaza ishara kwenye masafa mapana, nishati kwa biti inashuka mpaka kwenye ukuta wa Shannon, desibeli 1.59 chini ya sifuri ukilinganisha na kelele. Lakini amplifaya na vigeuzi vya kubeba masafa hayo navyo vinakula, tunarudi kwa Mtu wa Silikoni.

Mtu wa Silikoni

Asante dada. Silikoni imepata wakili.

FundiMnara

Basi mnijibu hili la vitendo. Programu ya mnara inatuwezesha kuzima nusu ya chaneli usiku, kutoka 64 kwenda 32. Nimeambiwa hasara ni desibeli 3 tu. Lakini kila ikiwashwa, kuna nyumba za pembezoni ambazo malalamiko yanakuja asubuhi.

Desibeli Hasi

Desibeli 3 ni za mwale peke yake. Umezima na amplifaya 32, kwa hiyo nguvu yote ya hewani nayo imekatika nusu. Kwa mtu wa pembezoni ambaye ulikuwa unamrushia uwezo wote, ni 3 jumlisha 3, desibeli 6. Ndio hao wanaolalamika.

Kanda Pana

Labda kama usiku ulikuwa hurushi uwezo wote. Mzigo mdogo, unaweza kuzipandisha 32 zilizobaki.

Desibeli Hasi

Zimewekewa ukomo. Amplifaya ya wati 3 haitoi 6, na nguvu kwa kila hezi kwa kawaida imeshapangwa juu kabisa tangu mwanzo. Unachoweza kufanya ni kubana mtu huyo kwenye masafa membamba, na ni juu ya mpangaji, ile programu inayogawa masafa kwa watumiaji, kama ana akili hiyo.

FundiMnara

Mpangaji hana. Na wanaosoma ripoti ya umeme si wanaosoma ripoti ya malalamiko, hao wako ofisi mbili tofauti. Mwezi huu wanaagiza izimwe, mwezi ujao wengine wanaagiza iwashwe.

Nusu_Wati

Kwa hiyo mpaka sasa nina washukiwa: amplifaya, silikoni, wati za kudumu, matangazo ya mnara, pailoti, watu wenyewe, na ofisi mbili za FundiMnara. Nani ana vipimo vya redio moja ya chaneli 64 iliyofunguliwa, kila sehemu ikipimwa peke yake, mzigo ukiwa sifuri?

Mzee wa Amplifaya

Karatasi za vipimo nilizo nazo zote zinaandika jumla tu: kiwango cha juu, wastani, basi. Leteni moja inayotenganisha amplifaya na silikoni, ndipo tuendelee. Na huyo atakayeileta asisahau kuweka saketi ya kunyoosha kwenye safu yake peke yake, maana najua kijana wangu hapo juu ataitaka.

Mtu wa Silikoni

Naitaka kweli. Na feni.